Propela ya Mama Mkwe

Pikapu ya mama mkwe ilisikika kabla ya kuonekana. Ilikuja ikitetemeka, na kila ilipopunguza mwendo ilitoa mlio wa chuma chini yake, ngo-ngo-ngo, mpaka mbwa wa jirani akaamka kubweka. Mkerezaji aliinua macho kutoka kwenye mashine yake ya kuchongea vyuma. Alilijua lile gari. Alijua pia kwamba ilimpasa kukimbilia nyuma ya karakana, anawe mikono na kuvaa shati safi, maana mkwe hapokewi na mtu aliyepakaa grisi hadi kwenye kope. Hakwenda. Alizima mashine, akasimama palepale.

Kwa wiki saba sasa ndivyo alivyokuwa. Jambo alilijua, ila kulifanya ndiko hakukuja.

Mkewe aliumwa kichwa Jumatatu. Jumatano hakumtambua mtu. Alhamisi alasiri walikuwa wameshamzika. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita, ambaye mama yake alimpachika jina la Nukta kwa udogo aliozaliwa nao. Baada ya mazishi bibi yake, huyu huyu mama mkwe, alimchukua akapanda naye mlimani. "Siku mbili tatu tu, baba," alisema bibi, "mpaka upate nguvu." Siku mbili tatu zikawa wiki saba, na Mkerezaji hakuwa ameupanda ule mlima hata mara moja.

Si kwamba alikuwa akilia. Kama angelia, watu wangejua la kufanya naye. Walikuja wakampa pole, naye akawajibu kama adabu inavyotaka, "Nimeshapoa," na neno hilo lilikuwa la kweli kuliko walivyodhani. Chakula alikula. Usingizi alilala. Kila Jumapili alioga, akavaa shati la kwendea ukweni, akaketi kwenye ukingo wa kitanda ili afunge viatu. Alifunga cha kwanza. Cha pili kilibaki mkononi mpaka jua likatua, kisha akakirudisha uvunguni.

Mama mkwe alishuka kwenye gari. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na buti za mpira, na kucha zake zilikuwa na udongo usiotoka, kwa sababu kazi yake ilikuwa miche. Aliotesha miche ya miti na ya matunda kule juu, akaishusha sokoni mara mbili kwa wiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

Wote wawili walitazama gari.

"Linanitesa," alisema mama mkwe. "Toka nilipoliinua. Pale kwenye kivuko mawe yalikuwa yanalikwaruza tumbo, fundi mmoja akaniwekea springi nene, likapanda juu shubiri nzima. Mawe hayaligusi tena, hilo kweli. Lakini mwendo ukifika arobaini linatetemeka mpaka meno yanagongana. Krosi nimebadilisha tatu. Na miche ndiyo inaisha! Udongo wote unapukutika kwenye mizizi njiani. Nikifika sokoni nashusha vijiti."

"Sasa hapo, mama, unauza kuni mbichi," ilisema sauti kutoka nyuma ya pazia la turubai.

Huyo alikuwa Cheche, mchomeleaji aliyeshirikiana na Mkerezaji karakana ile. Alikuwa mwembamba kama waya wake wa kuchomelea, na watu walisema mdomo wake ulitoka kiwandani bila swichi. Mama mkwe alitabasamu upande mmoja. Mkerezaji alijua kwamba hapo watu hucheka. Alichukua gunia, akalitandika, akaingia chini ya gari.

Ubaya aliuona mara moja. Propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma inayozungusha magurudumu, zamani ilikuwa imelala karibu sawasawa na ardhi. Sasa gari limepanda juu, nayo imeinama kwa mshazari mkali. Krosi, kile kiungo chenye ncha nne kinachoiruhusu propela kupinda huku ikizunguka, ilikuwa ikilazimishwa kupinda kuliko ilivyoumbwa. Kiungo cha namna hiyo kikipindishwa kupita kiasi hakizunguki kwa ulaini. Kinakimbia na kusita, kinakimbia na kusita, mara mbili katika kila mzunguko, na kila kilichofungwa kwenye gari kinatikisika pamoja nacho.

"Hata ubadilishe krosi mia, mama, zitakufa," alisema akiwa chini. "Inatakiwa krosi mbili zilizobebana, zigawane kazi ya kupinda. Kiungo kama hicho cha gari hili hakiuzwi. Itabidi nikiunde."

"Kiunde."

"Njoo Jumamosi."

"Nitakuja."

Alitoa kikapu chake kwenye kiti cha mbele, akamkabidhi ufunguo, akaelekea barabarani kutafuta lori la kumrudisha. Alipofika langoni alisimama bila kugeuka sawasawa.

"Mtoto hajambo. Jino limeng'oka."

"Lipi?"

"La mbele. La chini."

"Aa," alisema Mkerezaji.

Mama mkwe alihamishia kikapu mkono wa pili. Halafu akaenda.

Kesho yake Mkerezaji na Cheche walikwenda kwa muuza vyuma chakavu, wakazunguka katikati ya magari yaliyokatwa vichwa mpaka wakapata walichokitaka: propela ya gari kubwa lililopinduka, yenye krosi mbili zilizobebana upande wa mbele, na katikati yake kidude cha duara cha kuzishika zisiyumbe. Cheche aliiinua, akaizungusha kwa mkono, akasikiliza.

"Hii ilikuwa ya bwana mkubwa," alisema. "Sikia ilivyo na adabu."

Mkerezaji aliipima. Kiungo kilikuwa kizima, ila matundu yake ya bolti yalikuwa mapana kuliko ya giaboksi ya pikapu. Pangehitajika sahani ya chuma katikati, yenye matundu ya aina mbili, na kitovu chake kiingie kwenye giaboksi bila kucheza hata unywele. Hiyo ndiyo kazi aliyosifika nayo. Watu walimletea vipande kutoka mbali kwa sababu ya mkono wake.

Alifunga pande la chuma kwenye mashine, akaanza kukereza. Vipande vya chuma vilijikunja vikaanguka miguuni, vya buluu. Aliandika kipimo kwa chaki kwenye mlango wa kabati mbele yake. Kisu kilikaribia kipimo. Kikafika. Mkerezaji alikiona kikifika, mkono ukiwa juu ya gurudumu la kukirudisha nyuma. Kikapita. Aliendelea kutazama chuma kikiisha taratibu, kwa utulivu, kama mtu anayetazama mvua dirishani, na alipozima hatimaye na kupima, kitovu kilikuwa kimepungua milimita tatu. Sahani nzima ilikuwa takataka.

Cheche alikuja, akaitazama sahani, akatazama chaki kwenye kabati. Katika miaka tisa hakuwahi kumwona mwenzake akikosea kwa milimita tatu.

"Nenda nyumbani leo," alisema.

"Nyumbani kuna nini?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama anayeuliza spana namba kumi na nne iko wapi. Cheche alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Sahani ya pili Mkerezaji aliikereza siku iliyofuata. Safari hii kila baada ya nusu milimita alizima mashine, akapima, akaiwasha tena. Ilichukua asubuhi nzima. Ilipotoka ilikaa kwenye giaboksi kwa kusukumwa na kidole gumba tu, ikabana.

Zikabaki kazi za watu wawili. Walikata bomba jipya, refu kuliko la zamani, kwa sababu umbali kati ya giaboksi na difu ulikuwa umeongezeka. Cheche akachomelea ncha zake: kwanza nukta nne, moja kila upande, halafu wakalilaza bomba juu ya vigingi viwili na kulizungusha chini ya saa ya kupimia, ile yenye sindano inayoonyesha chuma kinapoyumba. Sindano ilicheza. Cheche akapiga nyundo kidogo, wakazungusha tena. Sindano ikatulia. Ndipo akamaliza kuchomelea, kipande hapa, kipande upande wa pili, ili moto usilivute bomba upande mmoja.

"Ukichoma kwa pupa linakuwa ndizi," alisema Cheche kila baada ya dakika chache, ingawa Mkerezaji alilijua hilo kabla yake. Aliongea ili pasiwe kimya.

Mwisho waliingiza kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ili difu iinue pua na kuitazama giaboksi. Ijumaa jioni propela ilifungwa, ikatiwa grisi, bolti zote zikakazwa. Mkerezaji aliizungusha kwa mkono akiwa amelala chini. Ilizunguka bila sauti. Cheche alirukaruka kwa furaha peke yake pale uwanjani, akamsalimu mbwa wa jirani, akamwambia ajitafutie kazi nyingine ya kubwekea. Mkerezaji alifuta spana moja moja, akazipanga.

Jumamosi mama mkwe alikuja asubuhi, ameshushwa na lori la mchanga.

"Nitalizungusha hapa kwenye lami nusu saa," alisema Mkerezaji, "kisha nikukabidhi."

"Lami?" Mama mkwe alifungua mlango wa dereva, akaingia, akavuta kiti mbele. "Lami na mimi hatuna ugomvi, baba. Gari hili linafanya kazi mlimani. Lijaribiwe mlimani."

Mkerezaji alisimama na kitambaa mkononi. Alijua kilichokuwa mlimani.

"Nina kazi ya mtu hapa."

"Kazi gani?" aliuliza Cheche, bila haya. "Kazi zote zimeisha. Fundi asiyejaribu kazi yake ni kinyozi anayekimbia kabla mteja hajapewa kioo. Nenda bwana."

Kama angekuwa na nguvu ya kukataa angekataa. Lakini kukataa nako kulitaka mtu. Aliingia, akaketi upande wa abiria, mfuko wa spana miguuni.

Mama mkwe aliendesha vizuri, mikono miwili kwenye usukani, mgongo wima. Walipotoka kwenye nyumba za mwisho aliongeza mwendo. Mkerezaji aliinama akaweka kiganja sakafuni, juu ya mahali propela ilipopita. Thelathini. Arobaini. Kiganja kilipokea mtetemo wa barabara tu, ule mdogo wa kawaida. Hamsini. Hakuna kitu.

"Umesikia?" alisema mama mkwe.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo nasema. Hakuna cha kusikia. Kazi nzuri, baba."

Mkerezaji alijipekua ndani akitafuta furaha, hata ndogo, kama mtu anavyopapasa mifuko kutafuta funguo. Hakuikuta. Alisema, "Asante, mama."

Lami iliisha, ikaanza njia ya udongo mwekundu, halafu mawe. Gari lilipanda. Kisha mama mkwe, macho yakiwa njiani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwezi huu nimeozesha miche mia tatu."

"Ugonjwa?"

"Maji. Namwagilia asubuhi, nasahau kama nimemwagilia, namwagilia tena. Siku ya nne nikang'oa mmoja nikakuta mizizi imekuwa uji. Nikasimama pale nikaitazama. Miaka thelathini sijaozesha hata ishirini. Nikasema, haya. Nikaenda kupika."

Gari lilishuka kivukoni. Maji yalipita chini, na mawe hayakuligusa tumbo. Walipotoka ng'ambo Mkerezaji alisema:

"Mimi nimeharibu sahani ya chuma. Ya gari hili hili. Naitazama inapita kipimo. Mkono uko pale pale, sikuzima."

"Nzima?"

"Nzima."

Mama mkwe alibadilisha gia kwa ajili ya kona. "Mimi nilidhani wewe unalia huko chini," alisema. "Nikawa nasema, huyu mwenzangu ana bahati, anaweza kulia. Nikakuonea wivu, nisamehe. Nikasema simfuati mpaka aje mwenyewe."

"Sijalia, mama."

"Naona."

Mama mkwe alikanyaga mafuta, gari likapanda hadi juu.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia, yenye bati la kijivu, na pande zote viriba vyeusi vya miche vilivyopangwa kwa safu chini ya neti ya kivuli. Nukta alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, jirani mmoja mzee akimwangalia kutoka kwenye ua wa pili. Alisimama alipoona gari. Hakukimbia. Alimtazama baba yake akishuka, akavuta gauni lake likae sawa, na akasema kama anavyosalimiwa mgeni:

"Shikamoo."

"Marahaba."

Pengo la jino lilionekana alipozungumza. Alikuwa amerefuka, au gauni limefupika.

"Umekuja kuchukua gari la bibi?"

"Nimelileta. Nimelitengeneza."

"Halafu unaondoka?"

Mkerezaji alimtazama mama mkwe, lakini mama mkwe alikuwa ameona ghafla kwamba neti ya kivuli imelegea upande wa mbali, akaenda kuikaza.

"Sijui," alisema. Ndilo jibu la kweli alilokuwa nalo. "Nitakaa kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka tule."

Nukta alilipima hilo, akaliona linafaa. Aliingia ndani, akatoka na kitana na kichupa cha mafuta ya nywele. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imefumuliwa, nusu ina mistari ya zamani iliyolegea, kwa sababu vidole vya bibi, alieleza, vimekuwa vigumu na vinauma. Alimketisha baba yake kwenye ngazi ya juu, akakaa ya chini, kati ya magoti yake, akampa kitana bila kuuliza kama anajua kukitumia.

"Anza kwenye ncha. Usianze juu, inauma."

Alianza kwenye ncha. Mikono iliyozoea chuma ilikwenda polepole. Jua lilikuwa kali lakini kizingiti kilikuwa na kivuli, na kuku mmoja alikuwa akichakura kwenye udongo wa viriba vilivyotupwa. Nukta alichora kitu ardhini kwa kijiti.

"Baba."

"Naam."

"Mama alikuwa ananiimbia wimbo gani akinisuka?"

Mkerezaji alifungua mdomo amjibu. Aliusikia wimbo huo kila Jumapili kwa miaka, akiwa chumba cha pili, mlango wazi. Alikikumbuka kigoda. Alikumbuka harufu ya mafuta, na magoti ya mkewe yalivyomshika mtoto asicheze, na jinsi alivyosimama katikati ya wimbo kusema tulia wewe, kisha akaendelea palepale alipoachia. Wimbo wenyewe haukuwapo. Alingoja. Alitafuta neno moja tu, au sauti tupu bila neno.

"Nimesahau," alisema.

"Mimi pia," alisema Nukta, kwa wepesi, kama anayesema habari za jino lililong'oka, na akaendelea kuchora.

Mkerezaji aliweka kitana kwenye ngazi.

"Ngoja kidogo," alisema. "Ngoja nikakaze nati za gari."

Alikwenda hadi kwenye pikapu, akalala chali kwenye majani, akajivuta chini yake. Hilo hufanywa, kwa kweli. Kiungo kipya hukaguliwa kikishapanda mlima wa kwanza. Alikigusa. Kilikuwa na joto la kadiri, krosi zote mbili sawa. Alitia spana kwenye bolti ya kwanza. Ilikuwa imekaza. Ya pili imekaza. Alipofika ya tatu aliona spana inagonga-gonga chuma na hakuelewa kwa nini, mpaka akaona ni mkono. Kitu cha majimaji kilimshuka pembeni mwa jicho kikaingia sikioni, akadhani grisi inadondoka, akanyanyua kidole kutafuta mahali inapovuja. Kiungo kilikuwa kikavu. Ndipo sauti ikamtoka, sauti asiyoifahamu, na akaziba mdomo kwa mkono mchafu, na haikusaidia.

Mama mkwe alikuja na sufuria ya maji, akaiona miguu ya mkwewe ikitokeza chini ya gari, na namna ilivyokuwa ikitikisika. Alisimama. Midomo yake ilijikunja. Kisha akageuka, akaenda kuketi kwenye ngazi nyuma ya mjukuu wake, akachukua kitana.

"Baba anafanya nini kule?" aliuliza Nukta.

"Anakaza nati."

"Ngapi?"

"Nyingi," alisema bibi. "Mwache azimalize."

Mkerezaji alilala huko siku ile, na kesho yake pia. Jumatatu alishuka na miche sokoni, na miche ilifika na udongo wake. Tangu hapo alipanda kila Jumamosi. Hakupona, kama watu wanavyosema. Siku nyingi ubaridi ule ulirudi, akafanya kazi na kula ndani yake, ila sasa kulikuwa na siku nyingine pia, mbaya zaidi, za maumivu hasa, na hizo alizipokea. Mvua zilipoisha na shule kufunguliwa, Nukta alirudi nyumbani na fuko la nguo na miche miwili ya mpera, ambayo bibi yake aliapa hakuimwagilia mara mbili.

Wimbo hawakuupata. Walimuuliza bibi, naye akasema hakumfundisha binti yake wimbo wowote wa kusukia, huenda aliutunga mwenyewe. Waliwauliza majirani. Jumapili asubuhi Mkerezaji anakaa kwenye kigoda, mtoto kati ya magoti, anamsuka bila wimbo, mara nyingine redio ikiwa wazi. Mistari miwili ya katikati sasa anaiweza. Ya pembeni hupinda, na Nukta huenda nayo shuleni hivyo hivyo.